Sauti ya Injini ya Kijani

Mwanangu Mwanatumu,

Kuanzia kivuko cha Likoni mpaka kizuizi cha Lunga Lunga, mkuu wa reli ni mmoja tu, na ndiye anayekuandikia. Serikali ina reli yake kule Mombasa, sikatai, lakini ikishafika baharini imekwama. Huku kusini ni mimi. Nina madaraja mawili, handaki, stesheni yenye taa na injini nne, na hakuna hata moja inayotembea bila idhini ya mjomba wako Bakari. Kwamba reli yenyewe imelazwa juu ya meza katika ukumbi wa hoteli, na abiria wake hawafiki urefu wa kidole, hilo ni jambo la vipimo. Kazi ni ile ile. Ajali ni zile zile.

Kesho unaondoka kwenda Ujerumani kusomea upishi. Mama yako ameshakuhutubia juu ya soksi, koti, sala na nyama usizozijua. Baba yako ametuma salamu kutoka Lunga Lunga, ati ununue viatu vizito. Haya, mimi siongezi kitu hapo. Mimi neno langu limo ndani ya begi lako la mkononi, limefungwa kwa kanga kuukuu ya bibi yako: injini ya kijani. Usiiweke kwenye mizigo ya chini ya ndege. Watu wa uwanja wa ndege wakitaka kuifungua, waifungue mbele ya macho yako, nawe uangalie mikono yao, si nyuso zao.

Unajua lililopo. Bwana Otto, mwenye hoteli, amesema mbele yetu sote: wageni wamepungua, na hawa wachache wanaokuja wanataka gari la moshi linalohema na kupiga filimbi kama la kweli. Msimu wa Disemba ukiingia na injini zangu bado ni mabubu, meza itang'olewa, pahali pake iwekwe ya biliadi. Nami nirudi ufukweni kupanga vitanda, mtu wa umri wangu, nikifukuza kunguru kwenye taulo za watu. Kwa hivyo ile dikoda utakayoichagua huko, kile kibao kidogo kama kidole gumba kinachopokea amri na kuipa injini sauti, ndiyo itakayoamua. Ikimridhisha Bwana Otto, ataagiza za injini nyingine zote. Isipomridhisha, ni biliadi.

Wengi wameuliza kwa nini kazi hii nimekupa wewe, badala ya kumwachia Mutua aagize kwa posta. Mutua ni fundi wa umeme wa hoteli, mtu wa bara, ana cheti. Nitakwambia kwa nini simwamini. Lakini kwanza nikwambie kwa nini sijiamini mwenyewe, maana huko ndiko mambo yalikoanza kuharibika.

Dikoda ya kwanza nilichagua mimi. Bwana Otto aliniletea kitabu cha picha cha dukani, Kijerumani kitupu, akaniuliza, "Bakari, ipi?" Mtu mwingine angesema hajui. Mimi nilitia kidole kwenye ile yenye picha nzuri kuliko zote: injini inatoka mlimani, moshi juu, theluji chini. Nikasema, "Hii. Hii naijua." Ilipokuja nikaifunga kwa mkono wangu ndani ya injini nyeusi, ile nzito, mbele ya wageni wote, ili pasiwe na siri. Waya mwekundu huku, mweusi kule. Nisilolijua ni kwamba katika injini za kale mota imegusana na chuma cha chini, na ni lazima kwanza uitenge, umeme wa reli usiifikie ila kwa kupitia kwenye dikoda. Nikabonyeza kitufe. Injini ikatoa moshi. Moshi wa haki, mwanangu, mweusi, wenye harufu ya nywele zilizoungua. Wageni wakasimama wakapiga makofi! Mama mmoja akamwambia mumewe, "Ajabu, mpaka moshi wameweka!" Nami nikafanya nini? Nikainama, nikashukuru, nikaibeba ile injini taratibu mpaka nyuma ya pazia, nikaimwagia maji ya maua.

Mpaka leo wako watu Ulaya wanaousimulia ule moshi. Lakini dikoda ilikuwa imekufa kabla haijasema hata neno moja.

Basi ukifika dukani, usianze kuuliza jina wala umaarufu. Itoe injini yetu, umwambie muuzaji awashe umeme huku ameyashika magurudumu yasizunguke, na atazame kwenye mita mota inakula kiasi gani. Injini ikiwa inatembea yenyewe juu ya meza hula kidogo, ina adabu, kama mgeni wa siku ya kwanza. Ukiizuia ndipo ulafi wake unapotoka. Dikoda isiyouweza ulafi huo itaungua, hata ikiwa na sauti tamu namna gani. Na muuzaji akikwambia, "Hakuna haja, aina hii naijua," jihadhari naye. Maneno hayo niliyasema mimi, tena kwa kifua, na nilikuwa sijui kitu.

Baadaye tukaja kwenye habari ya namba. Kila dikoda ina namba yake. Unaiita kwenye rimoti, injini inaitika. Ila zote zinapotoka kiwandani huitika namba tatu, mpaka wewe uzibadilishe. Hilo hakuna aliyeniambia. Tulifunga mbili za kuendeshea tu, zisizo na sauti, moja kwenye injini nyekundu na moja kwenye hii ya kijani. Nikaita tatu ili nyekundu iondoke stesheni. Ikaondoka, safi kabisa. Na kutoka handakini, nilikoilaza ipumzike, kijani nayo ikachomoka mbio. Zikakutana darajani uso kwa uso, zikaanguka mpaka sakafuni na behewa la kulia chakula.

Utakumbuka nilivyorudi nyumbani Msambweni siku hiyo nikakataa hata chai. Nilimwambia mama yako pana mkono wa mtu. Mkono nilikuwa nimeshauamua ni wa Mutua, kwa sababu wakati ule alikuwa amesimama mlangoni anakula ndizi, tena anatabasamu.

"Nani amekutuma?" nilimuuliza.

"Mzee, mimi nimetumwa na njaa," akajibu. "Hizo vitu zako zote ziko namba tatu. Si usome karatasi?"

Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Yeye aliisomaje? Hapo ndipo nilipozidi kumshuku. Nikakaa siku nyingi nikimwangalia kila anapopita na bisibisi. Kumbe nyuma ya ile karatasi kulikuwa na Kiingereza. Sikuigeuza.

Usidhani nakwambia Mutua ni mtu mwema. Bado namtazama. Ninalokwambia ni kwamba nilimshuku mtu kwa kula ndizi, nikaacha kuishuku karatasi niliyokuwa nimeishika mkononi. Kushuku ni kazi, mwanangu, na mimi niliifanya kivivu. Nilichagua uso nisioupenda, nikaridhika.

Na yule niliyepaswa kumshuku, nilimkumbatia. Alikuwa mgeni wa chumba cha bustanini, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya ukindu, akasema kwao anauza vitu hivi. Akaja ukumbini na kisanduku kizuri cha mbao, akaweka kipande cha reli juu yake, akaweka injini yake, akawasha. Subhanallah! Wapishi walitoka jikoni na miiko mikononi. Mvuke ulisikika kama unaupata usoni, breki zikalia, honi ikapigwa mpaka mbwa wa geti akaitikia. Nilimshika yule mtu mkono, nikamwambia Bwana Otto, "Hii hii, usitafute nyingine." Tukaichukua. Tulipoifunga kwenye injini nyeusi, ambayo nilikuwa nimeshaifufua, ikatoa sauti ya mbu aliyefungiwa koponi.

Mgeni naye siku hiyo alikuwa anaondoka. Mwenzangu Rashidi, mhudumu wa mezani, alimsaidia mizigo mpaka kwenye teksi, kisanduku kikamponyoka, kikafunguka. Akarudi mbio kuniita nikaone. Ndani mlikuwa na spika pana kama sahani ya pilau. Sauti niliyoipenda ilikuwa ya kisanduku. Dikoda ilikuwa abiria tu.

Kwa hivyo usisikilize chochote kilicho juu ya meza ya dukani. Inama, uchungulie chini ya meza. Usione haya. Mwambie aifunge dikoda na spika yake ndani ya injini yetu, kifuniko kirudishwe, iwekwe kwenye reli ya kawaida, ndipo utege sikio. Na spika itoke pamoja na dikoda, wasikupe kila moja mbali. Ziko spika za namba kubwa na za namba ndogo, namba ya ukinzani wa umeme iliyoandikwa mgongoni, kwa macho ni mapacha, na ukizibadilisha dikoda inaungua kimya kimya, hata moshi wa kupigiwa makofi haupati.

Nami niwe mkweli, kisanduku cha namna ile nimewahi kukibeba. Nilipokwenda Kibuyuni kumposa mkaza mjomba wako, nilikwenda na pikipiki ya watu, saa ya watu, na miwani ya jua ya mgeni aliyeisahau hotelini. Nikazungumza na wazee wake habari za magari ya moshi mpaka wakaniita injinia. Baada ya harusi akaikuta baiskeli isiyo na breki. Hakugomba. Aliizunguka ile baiskeli polepole, akaniuliza, "Bwana, na ile sauti uliyokuja nayo kwetu, umeirudisha kwa mwenyewe?" Amekuwa akiniuliza hivyo kwa miaka yote hii, kila ninapoanza maneno yangu. Wako vijana watakaokuja kwako na pikipiki za watu. Utajua wewe la kuwauliza.

Jambo jingine nililolijua kwa aibu: uliza sauti ni ya nani. Dikoda haibuni sauti, imerekodiwa mahali, kwa injini fulani, na ziko zinazouzwa kwa injini yoyote bila kujali. Tuliazima moja kwa mgeni, ikawa inalia vizuri, ina mpaka kengele, ding ding, nami naipigapiga kila ikipita stesheni. Bibi mmoja wa Kijerumani, mjane wa dereva wa gari la moshi, akaja akakaa mbele ya meza. Akasikiliza. Akatikisa kichwa, akamwambia Rashidi maneno marefu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema injini yako imevaa nguo za kwao lakini inapiga kelele za Marekani. Kwao hakuna kengele ya namna hiyo."

"Mwambie ilikwenda kusoma huko."

Rashidi akamwambia. Bibi akacheka mpaka akatoa kitambaa. Kisha akauvuta mkono wangu akauweka mezani, akaanza kupiga ubao kwa kiganja, polepole, kama gari linaloondoka na mzigo: pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, ya kwanza nzito. Nilizipata mpaka kwenye kiwiko. Alipoongeza mwendo macho yake yalikuwa hayapo ukumbini tena. Sikuidai kengele yangu baada ya hapo.

Basi wewe nawe mwambie muuzaji aiendeshe polepole sana, utazame gurudumu huku unasikiliza. Pumzi zisipofuatana na gurudumu, iache. Ikipanda kilima ihangaike, ikishuka ipoe. Ikiwa inaimba sawasawa juu na chini, haiendeshi kitu hiyo, imewekwa kaseti tu. Na muuzaji asiyejua sauti anayoiuza imetoka kwa nani, mshukuru, utoke.

Mwambie pia unatoka pwani. Hawa watu wanadhani dunia yote ni kavu kama kwao. Chumvi ya hapa inatafuna reli usiku na mchana, umeme unafika kwenye injini kwa kudokoadokoa, na dikoda dhaifu ikikosa umeme kidogo tu huanza upya, kama mtu aliyesahau hotuba akarudia "Assalamu alaykum" kila baada ya sentensi. Unataka inayovumilia. Mimi nilijaribu kuponya reli kwa mafuta ya nazi, zikang'ara kama dhahabu. Magurudumu yakateleza, na kesho yake sisimizi walikuwa wamejaa handakini wanasafiri bila tikiti. Usimwambie hilo muuzaji.

Sasa nifike kwenye jambo la mwezi uliopita, ambalo ulikuwepo, na ambalo hatujalizungumza mimi na wewe.

Dikoda ilikuja kwa posta. Mutua aliifunga ndani ya hii ya kijani, na nitakiri alilehemu vizuri, matone madogo yanayong'aa. Bwana Otto akaja, meneja akaja, wapishi wakaja, nawe ulikuwa umeniletea chakula kutoka nyumbani. Injini ikaanza kuhema. Pumzi nne, nzito, sikuwa na neno. Nikabonyeza kitufe cha filimbi.

"Filimbi haimo," nikasema. "Wamekula filimbi."

"Mzee, si hiyo imelia?" Mutua akasema.

Nikabonyeza tena. "Iko wapi?"

"Hiyo hapo! Ai, mzee, kwani wewe hauskii?"

Wapishi wakacheka. Meneja akamwinamia Bwana Otto sikioni, na mimi nikaona wazi: wamepanga. Wanataka niipokee dikoda mbovu, nichekwe na wageni, kisha biliadi iingie kwa kisingizio changu. Ndipo wewe ukasema kwa adabu zako, "Mjomba, filimbi imo, tena nzuri." Nikakujibu mbele ya watu wote kwamba umehongwa soda. Uliuweka ule mfuko wa chakula juu ya stesheni yangu, ukatoka. Na Bwana Otto, ambaye anaamini hakuna sikio kama la Bakari pwani hii, akasema, "Bakari akikataa, basi imekataliwa." Nikaing'oa kwa mkono wangu. Ikarudishwa ilikotoka. Kwa hivyo injini zikabaki mabubu, na kwa hivyo Disemba inatukimbilia.

Juma lililofuata nilikwenda kwa daktari. Nyumbani nilisema nakwenda Matuga kuonana na watu wa serikali juu ya mambo ya reli. Daktari ni kijana tu, angeweza kuwa mwanangu. Aliniketisha kitini nitazame ukutani, akasema atasimama nyuma yangu anong'one maneno, nami niyarudie. Nikakaa. Nikamngoja aanze. Nikangoja sana, mpaka nikaanza kumshuku kwamba ametoka nje kunywa chai. Nikageuka. Alikuwa pale pale. Alikuwa ameshamaliza.

Sauti nzito bado nazipata: jenereta, mlango, mkaza mjomba wako. Nyembamba ndizo zilizoondoka, nami nikadhani ni watu wameanza kunong'ona kila ninapoingia mahali. Kwa hivyo huko dukani usijiulize mjomba angependa ipi. Sikiliza wewe. Ikipiga filimbi nawe ukaipenda, andika hiyo, itume injini kwa posta nayo ikiwa ndani, mwambie Bwana Otto kwa simu kwamba ndiyo, nami nitasimama mbele ya meza niseme ndiyo. Kitufe cha filimbi nimemwambia Mutua akibonyeze yeye. Hakuuliza kwa nini, na hilo pia limenitia shaka kidogo.

Kesho kivukoni patakuwa na makelele ya watu na mizigo. Ukija kuniaga, usiniage huku unaangalia begi. Simama mbele yangu, uniangalie. Shikamoo zako, mwanangu, tangu Ramadhani iliyopita, nimekuwa nikiziitikia kwa kuitazama midomo yako.

Mjomba wako,
Bakari